Laptopu Isiyojua Ugonjwa

Wananchi wote wa Bukoba, Muleba na kokote inakofika sauti ya ofisi yetu mnatangaziwa kwamba tatizo la laptopu zisizoaminika limekomeshwa. Limekomeshwa na Kamati ya Uaminifu wa Kompyuta Mpakato, yenye wajumbe tisa, mihuri miwili, na mimi.

Mimi ni dereva. Niliingizwa kwenye Kamati kwa sababu laptopu ya ofisi ikiharibika, mimi ndiye ninayeipeleka kwa fundi, na mimi ndiye ninayejaza daftari la matengenezo. Wajumbe wengine wana digrii. Ilibidi awepo mtu mmoja aliyewahi kushika laptopu.

Tulitakiwa kuchagua chapa moja ya kuaminika, inunuliwe kwa vituo vyote. Ili tusionekane tunampendelea mfanyabiashara yeyote, kila chapa tuliificha kwa jina la ndizi: Nshakara, Kinunu na Ntobe. Kikao cha kwanza kikaishia kwenye ubishi wa ipi kati ya hizo ni tamu zaidi. Ubishi ulikuwa wa kitaalamu na uliwekwa kwenye muhtasari.

Kikao cha pili Mkurugenzi wetu, Dokta Rutaihwa, alitoa mwongozo.

"Laptopu ni kama mchumba," alisema. "Kabla hujaoa unachunguza ukoo. Ukoo usiougua ovyo, unaoa. Sasa laptopu zikiugua zinapelekwa wapi?"

"Kwa fundi," nikasema.

"Basi daftari la dereva litaamua. Chapa iliyoonekana kwa fundi mara chache ndiyo ya kuaminika."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga zaidi, maana daftari langu lilikuwa limepanda cheo.

Wiki ya sita ya uchunguzi, siku ya Jumatatu, akatokea Mwalimu Penina kutoka Kimwani. Laptopu yake, Nshakara, ilikuwa imekufa kabisa. Aliingia kikaoni na orodha ya wanafunzi mkononi.

"Mheshimiwa, nina watoto themanini na watatu wa darasa la saba. Mfumo wa kuwaandikisha unafungwa Ijumaa saa kumi. Asiyeingizwa hafanyi mtihani."

"Tunakutafutia laptopu ya kuaminika, Mwalimu. Vumilia."

"Nipeni yoyote inayowaka."

Mkurugenzi akamgeukia katibu. "Kuwaka ni kigezo?"

Katibu akapekua kurasa. "Hapana. Hatukukiweka."

"Waitu, jamani, sasa hao watoto niwaandikishe kwa kijiti mchangani?"

"Usiishinikize Kamati. Laptopu yako imekwenda kwa fundi mara saba. Ina tabia mbaya."

"Inahudumia shule nne, Mheshimiwa. Inasafiri kwa pikipiki."

"Tabia ni tabia."

Penina hakurudi Kimwani. Alilala kwa dada yake, mtaa wa Kibeta, na kila asubuhi akaja kukaa kwenye benchi letu la nje, orodha ikiwa mapajani.

Sisi tulikwenda kukagua. Kemondo, bandarini, tulimkuta karani wa mizigo akiandika kwenye laptopu ya Kinunu iliyojaa unga na magamba ya dagaa. Kitufe cha herufi E kilikuwa kimeng'oka, akawa anabonyeza shimo lake kwa njiti ya kiberiti. Alikuwa ameanza kazi alfajiri na alikuwa bado anaendelea. Tuliipa alama mbili kwa kukosa nidhamu, kisha tukala sato na ndizi za ebitoke. Muleba tulikuta Nshakara ya zahanati imefungwa kwa plasta ya wagonjwa, inahesabu watoto wa chanjo. Sifuri.

Ushindi tuliupata kwenye daftari lenyewe. Chapa ya Ntobe haikuwa na hata mstari mmoja. Ziko kumi na moja, mezani kwa wakuu kumi na mmoja, kwa miaka sita. Hakuna iliyougua. Ya Mkurugenzi ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, safi kama siku ya kipaimara.

"Sikutaka kujitaja," alisema Mkurugenzi. Tukapitisha kwa kauli moja.

Uzinduzi ulipangwa Ijumaa saa nane, na keki iliagizwa. Kutoka makao makuu akaja mkaguzi, Bi. Maimuna, mwanamke asiyependa keki. Mlangoni alimkuta Penina, akamuuliza anangoja nini. Akaambiwa. Akaingia naye.

"Tuizindue kwa kazi," alisema. "Mwalimu awaandikishe watoto hapa hapa, kwenye hii ya Mkurugenzi isiyougua."

"Ingefaa tuanze na maombi," alisema Mkurugenzi.

"Tutaomba ikigoma."

Kitambaa kikaondolewa. Kioo kilikuwa bado na nailoni ya kiwandani. Waya wa chaji ulikuwa bado umefungwa kwa kile kiuzi chake. Ikachomekwa, ikawaka vizuri sana, ikatoa maandishi. Penina akasogea kuyasoma.

"Mheshimiwa, inauliza uko nchi gani."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa na kikohozi, nikatoka, nikarudi.

"Sasa inauliza jina la mwenyewe."

"Miaka sita mezani kwako na haikujui?" aliuliza Bi. Maimuna.

"Ni usiri," alisema Mkurugenzi. "Usalama wa taarifa za serikali."

Penina akaandika jina lake mwenyewe, akaunganisha intaneti ya simu, akaanza. Wajumbe wenye digrii walimsomea majina kwa zamu. Saa kumi kasoro dakika nane, mtoto wa themanini na tatu aliingia kwenye mfumo.

Bi. Maimuna akaomba daftari langu. Akaongeza safu mpya kwa rula: Kazi iliyokuwa ikifanyika. Akaagiza kwamba laptopu yoyote ya ofisi itabaki kwa mtu mwenye cha kuandika hapo. Penina akaandika mstari wake, akaifunga Ntobe kwenye kitenge, akaenda kuwahi gari la Kimwani.

Jumatatu nilikuta foleni kwa fundi. Wakuu kumi wamepakata laptopu zinazong'aa.

"Hii nzima, mzee," fundi alikuwa akimwambia mmoja wao.

"Angalia vizuri, kijana wangu. Hata kiugonjwa kidogo."

Mkurugenzi hakupanga foleni. Alikuja moja kwa moja ofisini, kwenye dirisha langu la daftari, akainama.

"Ile yangu nataka irudi. Andika kwamba iliharibika mwaka juzi, kwa sababu ya kazi nyingi."

"Nimeandika, Mheshimiwa. Na hapa, ulikuwa unafanya kazi gani ilipoharibika?"

Akaniomba kalamu aandike mwenyewe. Hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa nne tulikunywa chai, yeye hakunywa. Saa tisa na nusu nilifunga dirisha, nikamwachia kalamu.