Akaunti Tatu kwenye Simu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Meneja wa ukumbi wa sherehe amekuja karakana. Ana viti mia mbili na arobaini. Vyote vinataka sponji mpya na ngozi mpya ya bandia. Kazi ya maisha! Nilishamaliza hesabu kabla yeye hajamaliza salamu: mali, yaani sponji na ngozi, ya elfu tano kwa kila kiti, jumla milioni moja na laki mbili, faida laki tisa safi. Nikamvutia kochi zuri akae.

Akakaa, akatoa la moyoni. Hatoi malipo ya awali. Fundi wa mwisho alichukua malipo ya awali akahama mji. Safari hii anayetaka kazi ajaze mali karakana kufikia Jumatatu ijayo, yeye aje aione kwa macho yake, ndipo asaini. Na ameshapita kwa Tai.

Tai ni fundi makochi wa ng'ambo ya barabara. Tunamwita hivyo kwa sababu hupigilia misumari akiwa amevaa tai. Mimi nilianza na nyundo ya kuazima. Yeye alianza na karakana ya baba yake, yenye vioo. Tofauti hiyo naiona mimi peke yangu.

Nina akaunti tatu. Ya karakana ina laki moja na themanini. Ya nyumbani ina ada na kodi, haiguswi. Ya tatu ina laki saba, lakini hiyo haihesabiki, ni ya dharura. Dharura ni siku ambayo hakuna kingine cha kutumia. Hii si dharura. Hii ni kazi.

Mke wangu hajui habari za akaunti ya tatu. Ndiye anayeshona vifuniko vyote karakana, kwa cherehani ya kukanyaga yenye mkanda wa viraka. Tangu mwaka jana anaomba ya umeme. Mimi humjibu kwamba karakana haina pesa. Na kweli karakana haina. Hajawahi kuuliza kama mimi ninazo.

Jumanne, 5 Machi

Ufumbuzi umepatikana. Kuna programu ya simu inayokopesha wenye karakana. Hawataki hati ya nyumba wala mdhamini. Unaunganisha akaunti ya benki, wanaangalia pesa zinavyoingia na kutoka, wanakupa mkopo kwa kadiri ya mzunguko wako.

Simu yangu imekataa kuipokea. Imezeeka, imefikia kukataa hata picha. Ikabidi nimwendee mama mkwe, mwenye simu mpya kuliko wote humu ndani, tuiweke kwenye yake. Alikuja kwetu kupumzisha goti kwa wiki mbili. Huu mwaka wa pili.

Kumbe yeye akaunti yake ya pensheni ameshaiunganisha na programu ya kupangia matumizi! Nikamuuliza anapataje usingizi baada ya kuwapa watu asiowajua neno la siri la benki. Akacheka hadi chai ikamwagikia kanga. Akasema kwani nani kawapa, mkwe wangu? Neno la siri unaipa benki yako tu. Programu inakupeleka mpaka kwenye ukurasa wa benki yenyewe, unaingia huko, benki inakutumia namba ya uthibitisho, kisha inakuuliza huyu mgeni aone nini. Ukishakubali, benki inampa yule mgeni kibali chake, na hicho kibali ni cha kutazama. Hahamishi hata senti. Na siku ukimchoka unaiambia benki, kibali kinakufa. Akaongeza kwamba niweke tiki kwenye akaunti inayohitajika tu, hizo nyingine wazione za nini?

Nikamshukuru. Mimi nimejitengeneza mwenyewe, sifundishwi kuweka tiki.

Hata hivyo nilichukua tahadhari. Nililinganisha anwani ya ukurasa na ile iliyo nyuma ya kadi yangu, herufi kwa herufi. Neno la siri niliandika huku simu nimeifunika kwa kipande cha sponji. Namba ya uthibitisho ikaenda kwenye simu yangu, ambayo nilikuwa nimeiacha karakana. Nikakimbia. Niliporudi namba ilishakufa. Nikaomba nyingine, nayo ikaenda karakana, kwa sababu simu nilikuwa nimeisahau hukohuko tena. Mama mkwe alisogeza kiti barazani apate kuona vizuri.

Hatimaye benki ikaniorodheshea akaunti zangu. Nikaweka tiki zote tatu. Mwenye akaunti tatu anaonekana watu watatu.

Jumatano, 6 Machi

Mpango wenyewe sasa. Wanapima mzunguko? Watazungushiwa!

Asubuhi nimetoa laki saba akaunti ya tatu, nikazipeleka ya karakana. Kutoka hapo nikazipeleka ya nyumbani. Kutoka ya nyumbani zikarudi zilikotoka. Nikarudia mchana. Safari sita kwa jumla, na kila safari ni laki saba zinazoingia mahali. Milioni nne na laki mbili kwa siku moja, bila kugusa nyundo! Makato ya benki elfu tatu na mia sita. Matangazo ya biashara huwa ghali zaidi.

Mke wangu aliniita mara kadhaa nimshikie kitambaa kisijikunje. Nikamwambia niko kazini. Akasema anaona, kidole gumba kinatoka jasho.

Ng'ambo, lori limeshusha sponji kwa Tai. Si nyingi. Nimehesabu kupitia upenyo wa mlango: inatosha nusu ya viti, labda pungufu. Naye amekwama! Nimelala vizuri.

Alhamisi, 7 Machi

Elfu tisini.

Nimerudia kusoma. Wako tayari kunikopesha elfu tisini. Hiyo ni mali ya viti kumi na vinane. Ukumbi gani una sherehe ya watu kumi na wanane?

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Binti mmoja mwenye sauti ya upole. Nikamwambia kuna mashine yao imekosea, mimi ni mtu wa milioni nne kwa siku. Nikasikia anabonyeza. Akasema mzee, naona laki saba zilezile zinatembea. Zimetoka kwako zikaenda kwako, zikapumzika, zikarudi kwako. Hayo kwetu hayaitwi mapato. Tukiyatoa, mapato ya karakana ni yale ya kila wiki, na hayo yanastahili elfu tisini, hongera sana.

Nikauliza nani kawaambia kwamba akaunti zote ni zangu. Kwa ukali kidogo, nakiri. Akajibu kwamba ni mimi, mzee. Niliweka tiki.

Akanitakia kazi njema. Siku hizi watoto wanafundishwa adabu ya kuudhi.

Sawa. Kesho natafuta akaunti ya mtu mwingine ya kuzungushia. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayo, na ni mtu asiyeuliza maswali. Hata majibu hana.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nikiwa stoo, juu ya robota la sponji kuukuu. Nitaeleza kwa utaratibu.

Tulikuwa mezani. Simu ya mama mkwe ikalia. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, maana yeye husoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya kiberiti. Ilikuwa ile programu ya mkopo, ikitoa muhtasari wa wiki. Akaunti ya kwanza, hivi. Akaunti ya pili, hivi. Akaunti ya akiba, laki sita, tisini na sita elfu, na mia nne.

Mkopo ni wangu lakini simu ni yake. Hilo nilikuwa sijalifikiria.

Mama mkwe akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akainua mikono juu na kumshukuru Mungu. Alidhani ni malimbikizo ya pensheni! Miaka yote anawaandikia wale watu, leo wamemkumbuka! Mke wangu akasimama, akamkumbatia mama yake. Wakaanza kupanga. Goti litaenda kwa daktari bingwa. Paa la nyumba ya kijijini. Na wewe mwanangu, akamwambia mke wangu, kesho asubuhi unakwenda kuchukua ile cherehani.

Kesho asubuhi! Kwa pesa zangu! Nikaona bingwa, mabati na cherehani vikipita mbele ya macho yangu. Nikasimama, kiti kikaanguka. Nikapiga ukelele kwamba hiyo ni yangu!

Mikono ya mama mkwe ikashuka.

Mama mkwe ndiye aliyezungumza kwanza. Akasema mkwe wangu, mbona nilikueleza? Hicho ni kibali cha kutazama. Tungepanga mpaka kuche, hata senti isingetoka. Tungekwenda benki, wangesema hakuna kitu, tungerudi na huzuni yetu, na wewe ungebaki na siri yako. Akarudi kwenye wali.

Ni kweli, alinieleza. Jumanne, akiwa na chai.

Mke wangu alikusanya sahani, pamoja na yangu, iliyokuwa bado na chakula.

Jumamosi, 9 Machi

Kwanza nimeingia benki kwa simu ya mama mkwe, nikafuta ruhusa ya akaunti mbili, nikabakisha ya karakana tu. Imechukua muda mfupi kuliko kufunga viatu. Inaudhi jambo hili kuwa rahisi leo.

Mke wangu hakuja karakana. Cherehani kimya. Nimejaribu kushona kifuniko kimoja mwenyewe, kikatoka kama kofia.

Jioni nikamfuata. Nikamweleza falsafa ya dharura. Akasikiliza yote. Akasema hana shida na mimi kuficha pesa, baba watoto, wanaume wengi huficha. Shida yake ni ule mkanda. Ameushona mara saba kwa nyuzi za sweta lake mwenyewe, huku mimi nimesimama pembeni namwambia vumilia, hali ni ngumu. Nikaahidi mkanda mpya.

Halafu akasema Tai amemtumia salamu. Ana cherehani mbili za umeme na hana mshonaji, wa kwake ameolewa mji mwingine. Atamlipa kwa kila kifuniko.

Bila mke wangu sina viti mia mbili na arobaini. Sina hata kimoja. Nimepiga hesabu kila upande, inakataa.

Jumapili, 10 Machi

Masharti yamesomwa barazani, mama mkwe akiwa shahidi. Cherehani ya umeme inanunuliwa leo leo, kwa akaunti ya tatu. Jina la mke wangu linaingia akaunti ya karakana. Na mimi naacha kuzungusha.

Cherehani laki tatu na nusu. Nimelipa mwenyewe. Zikabaki laki tatu, arobaini na sita elfu na mia nne. Ukijumlisha za karakana na ule mkopo wa elfu tisini, ambao nimeuchukua nikiwa nimenuna, ni laki sita na elfu kumi na sita na kidogo. Mali ya viti mia moja na ishirini. Nusu ya kazi.

Nikamwambia mke wangu basi, yameisha, meneja anataka mali yote. Akajifunga kanga, akavuka barabara. Nikamwona kupitia dirisha akiongea na Tai. Tai akawa anatikisa kichwa. Kisha akalegeza tai. Kisha akakubali.

Nusu yake, nusu yetu. Jioni lori limeshusha na mali yetu. Vifuniko vyote anashona mke wangu, na Tai atamlipa mia tano kwa kila cha upande wake.

Jumatatu, 11 Machi

Meneja amekuja. Akakagua sponji yetu, akavuka, akakagua ya Tai, akarudi, akabonyeza sponji kwa kidole kama daktari. Akaridhika. Amesaini na Tai na mke wangu. Mimi nilishika mlango, ulikuwa unajifunga kwa upepo.

Cherehani mpya inaunguruma. Lazima nikiri, mishono imenyooka.

Jumatano, 27 Machi

Viti vimekwisha, vimepelekwa, tumelipwa. Sehemu yetu ya faida ni laki nne na nusu. Mkopo nimeurudisha, na yule binti mpole amenipigia kunishukuru. Mke wangu amepata elfu sitini zake kwa Tai, ameziweka akaunti yake mwenyewe. Nikamuuliza jumla ana kiasi gani humo. Akasema sina ruhusa.

Nimekaa, nimetafakari kwa kina yaliyonipata, na kosa nimeliona. Kosa halikuwa kuficha. Kosa lilikuwa kuweka akaunti zote benki moja, zikapangwa mstari mmoja, zikangoja tiki. Mtu mwenye akili huweka ya dharura benki nyingine kabisa.

Nimefungua leo asubuhi. Wenye benki walitaka namba ya simu ya kutumia ujumbe wa salio na namba za uthibitisho. Yangu haifai, siku hizi nyumbani inasomwa kama gazeti. Nikamwomba Tai nitumie laini yake ya pili. Tumekuwa washirika, mtu ameiva, yale ya vioo nimeshamsamehe.

Amekubali hapohapo, bila kuomba hata soda. Ameuliza tu huwa naweka pesa siku gani. Nimemwambia Ijumaa.