Taa ya Kijani Hadi Mlangoni kwa Mkuu

Jumatatu, 3 Machi
Vyuma vya kushikia ngazini vimewashwa leo. Taa ziko ndani yake, mstari wa kijani toka lango la stesheni hadi jukwaa la treni. Abiria ashike, afuate, asiteleze, asipotee. Hata mimi, ninayeziogopa ngazi zile, nimeshuka bila kusali.

Ijumaa wanakuja wageni wa makao makuu. Siku hiyohiyo Mkuu wa Stesheni atamthibitisha kazini karani mmoja. Tuko wawili: mimi na Kola, nimwitaye hivyo kwa kuwa kola yake haijawahi kukunjamana. Shangazi, ninayekaa kwake, ameshawatangazia majirani kwamba mimi ni bosi. Mungu wangu!

Lakini nina mpango. Utepe wa taa umebaki. Nimembembeleza fundi umeme auendeleze kwenye chuma cha ukumbini, hadi mlangoni kwa Mkuu. Heshima! Fundi kanionya kuwa watu hufuata taa. Nikamjibu kwamba watu wana akili zao.

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi Mkuu kakigusa chuma, katabasamu, kauliza ni wazo la nani. Nikakohoa kwa unyenyekevu.

Kabla hajamaliza chai, mama mmoja kaingia ofisini kwake na masanduku, kaketi, kauliza treni inaondoka lini. Nyuma yake timu nzima ya mpira wa wavu. Kocha akalalamika kuwa viti havitoshi. Mkuu kauliza tena ni wazo la nani. Nikatazama dari. Kola akanitazama mimi. Mnafiki yule!

Jumatano, 5 Machi
Kuung'oa utepe ni kukiri. Nimeufunika kwa karatasi nyekundu inayopitisha mwanga. Nyekundu ni simama, nani asiyejua?

Abiria! Mzee mmoja mwenye fimbo kawaeleza wenzake, kwa uhakika kabisa, kuwa nyekundu ni daraja la kwanza. Leo wamekuja wenye makuu watupu. Wamemsema Mkuu kwa kukosa mapazia. Mmoja kamtuma chai. Mkuu, kwa mshtuko, akaenda kuileta.

Baadaye kaapa kwamba aliyefanya haya hatathibitishwa hata kuwa mfagiaji. Nikajificha stoo ya mifagio. Kola kagonga mlango, kauliza kwa sauti ya upole kama tumbo linanisumbua. Kejeli gani hiyo!

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata! Karatasi itoke, utepe uupite mlango wa Mkuu, ukate kona, uishie mezani kwa Kola. Wakamsumbue yeye! Nimemwambia fundi ni amri kutoka juu. Kaguna, kafanya.

Hadi mchana Kola alikuwa amezingirwa, na kola yake, hatimaye, imelowa jasho na kulegea. Chakula changu kimeshuka vizuri mno.

Ijumaa, 7 Machi
Wageni wameshika chuma, wamefuata taa, wamefika mezani kwa Kola. Wakamkuta akimrudisha ngazini bibi asiyeona vizuri, akimwambia ashike hapa bibi yangu, taratibu, treni itakungoja. Wakafurahi mno. Wakauliza nani kabuni kuweka meza ya msaada mwisho wa taa.

Kola kaninyooshea kidole mimi.

Mtego! Nilijua! Nikaapa mbele ya wote kwamba sijawahi kuugusa utepe ule, wala kuuwaza, na kwamba kila kitu ni kazi ya Kola peke yake. Mkuu akaniuliza kama nina hakika. Nikaapa mara ya pili.

Kola kathibitishwa. Mimi nimeongezewa muda wa majaribio, nahamia chumba cha mizigo iliyosahauliwa, chini kabisa. Shangazi kauliza majirani sasa awaambieje.

Jumamosi, 8 Machi
Chumba ni giza. Kaja mtu mmoja tu, naye alikuwa akitafuta choo. Mkuu atajuaje kama nafanya kazi?

Lakini kipande cha utepe kipo! Nimemwita fundi akitandaze toka jukwaani hadi dirishani kwangu. Kanitazama sana. Kasema treni ya asubuhi hushusha watu mia kadhaa papo hapo, na watu hufuata taa.

Nimemweleza tena, kwa subira, kwamba watu wana akili zao.