Nyanya za Uzi Mwekundu

Jumamosi, tarehe 4

Joto! Nimeshona suruali ya mteja huku jasho linadondokea kitambaa. Akiuliza, nitasema ni maji. Jioni nikafunga cherehani, nikatoa viti viwili barazani, changu na cha mke wangu. Nikakamua malimau, nikajaza jagi. Nikakaa, nikamngoja. Akatoka jikoni na chumvi kwenye kikaratasi, akanipita, akasema anaenda kupunga upepo kidogo kwa Kinyozi.

Kwa Kinyozi tena! Jirani huyu amenyoa vichwa maisha yake yote, amestaafu, mkewe alishafariki, sasa kazi yake bustani tu. Ana benchi chini ya kivuli cha pesheni. Ana nyanya kama ngumi. Mke wangu huchuma moja, huipaka chumvi, huiuma palepale amefumba macho. Nimemwona kupitia tundu la uzio. Sikuwa nachungulia. Nilikuwa nakagua uzio.

Jagi nimelimaliza peke yangu. Wivu sina.

Jumapili, tarehe 5

Na mimi nina mnyanya! Uko kwenye debe nyuma ya jiko. Majani tele, tunda hakuna. Leo nimeufokea. Mke wangu akasikia, akasema niumwagilie, niuache, mvumilivu hula mbivu. Nikamjibu kwamba mbivu anazila yeye, tena kwa jirani. Akasema basi twende wote, benchi ni refu. Nikasema afadhali nikae juani.

Nikakaa juani. Kichwa kinaniuma hadi sasa.

Jumanne, tarehe 7

Mama mkwe anakuja Jumapili kula chakula cha mchana. Sawa. Lakini mke wangu amemwalika na Kinyozi! Eti atuletee nyanya za saladi. Nikasema hatuhitaji nyanya za watu, Jumapili mnyanya wangu utakuwa mwekundu pyu. Alicheka mpaka akatua sufuria chini.

Ulimi hauna mfupa. Nimekwenda kuutazama mnyanya. Haujui hata Jumapili ni lini.

Ijumaa, tarehe 10

Nimepata dawa! Nimekwenda sokoni, nikachagua nyanya nzuri kuliko zote kwa muuza mboga. Alitaka kunieleza zimetoka wapi. Nikamwambia kizuri chajiuza, afunge mdomo, afunge na mfuko. Nimezificha chini ya cherehani, ndani ya vipande vya vitambaa. Mke wangu kaniuliza mbona napiga mluzi. Nikasema ni joto.

Jumapili, tarehe 12

Nimeamka kabla ya jogoo, nikachukua sindano na uzi. Uzi mwekundu, maana fundi hufuata rangi ya kitambaa. Kila nyanya nimeipitisha uzi kwenye kikonyo, nikaifunga kwenye tawi, fundo mara mbili. Mti ukataka kulala. Nikauegemeza kwa rula yangu ya mbao. Sijawahi kushona kitu kizuri namna ile.

Mke wangu akafungua dirisha la jiko. Akatoka, akaniwekea mkono begani, akasema hakutegemea. Kisha akaja barazani, akakaa kwenye kile kiti chake, akanywa maji yangu ya limau! Tukakaa, mimi na yeye. Nilikaribia kukiri. Nilikaribia tu.

Wageni wakafika. Mama mkwe akataka kuchuma kwa mkono wake. Nikamwambia mama, kaa, umechoka na safari. Hakukaa. Akavuta nyanya, haikutoka. Akavuta tena kwa nguvu. Rula ikavunjika, nyanya zikaporomoka, akabaki na moja inaning'inia kwenye uzi. Akavaa miwani. Akasema fundo hili analijua, ndilo lililofunguka mgongoni mwa gauni nililomshonea kwa harusi ya mdogo wake. Njia ya mwongo fupi, akaongeza, bila kuulizwa.

Kinyozi akaokota moja chini, akaigeuzageuza, akasema amefurahi kuziona tena. Alikuwa amezipeleka kwa muuza mboga Alhamisi.

Lo! Ardhi nayo ilikataa kupasuka.

Mke wangu hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu. Alisema taratibu kwamba hakufurahia nyanya. Alifurahi kuona nimengoja kitu mpaka kikaiva. Jioni kiti chake kilikuwa kitupu.

Jumatano, tarehe 15

Matusi sasa! Nimekwenda nyuma ya jiko kuung'oa ule mnyanya. Nikainua majani ya chini, nikakuta nyanya. Moja. Nyekundu, ndogo kama kifungo cha koti. Nikatafuta uzi. Hakuna. Nikaikagua kwa miwani ya kazi. Hakuna kabisa! Ndipo nikaelewa. Kinyozi ametumia gundi. Amekuja kunicheka ndani ya debe langu mwenyewe!

Nikaichuma, nikairusha juu ya uzio, nikapaza sauti kwamba mzaha wake nimemrudishia.

Nikaenda kukagua uzio. Kinyozi ameipangusa kwa shati, ameikata, nusu anampa mke wangu. Naye akatia chumvi. Akafumba macho. Akasema kiangazi chote hiki hajala nyanya tamu kama hii. Yule bwana akamwambia ya kwako hiyo, imetoka kwenu. Mke wangu akacheka hadi akashika benchi. Kisha akaniita jina langu la nyumbani, ambalo sijalisikia siku nyingi. Akasema najua upo kwenye tundu, njoo. Nyanya ile imezaliwa na mnyanya wangu, akasema. Aliiona ikiwa bado kijani, akaimwagilia kila asubuhi, akanyamaza ili niigundue mwenyewe. Kaniwekea kipande, nije nionje, na nafasi ipo.

Mimi huyo? Wamekubaliana hao. Sikwenda. Nilikaa barazani, viti viwili, mtu mmoja. Walicheka mpaka giza likaingia. Kipande changu sijui nani alikila.

Alhamisi, tarehe 16

Usiku kucha nimewaza, na kosa nimeliona. Rangi. Nyanya ni nyekundu, lakini kikonyo je? Fundi mzima nimeshindwa kuliona hilo!

Asubuhi nimenunua uzi wa kijani.