Malalamiko Kuhusu Baridi ya Kazini kwa Mwanangu Antipasi

Mtinko, Singida.

Kwa Bwana Elisha,
Wakala wa Ajira za Nje,
Singida Mjini.

Ndugu Wakala,

Salamu. Sisi huku hatujambo na alizeti zimestawi. Mimi ni Severina, mama yake Antipasi, yule uliyempeleka Ulaya kufungasha matufaha ghalani. Sina ugomvi nawe. Nina malalamiko madogo tu ya kikazi.

1. Baridi. Ukiwa kwangu, paja la kuku mkononi, ulisema, "Mama, baridi ya kule ni hii hii yenu ya mwezi wa saba." Nikamfungia sweta. Sasa ananitumia sauti kwenye simu kwamba mkate wanaupasua kwa shoka, na chupa ya maji analala nayo kifuani isigande. Mwezi huo wa saba, Ndugu Wakala, ni wa kalenda ipi?

2. Kazi. Alipofika alisainishwa karatasi asiyoweza kuisoma, akapewa bunduki. Nilijipa moyo kwamba matufaha ya wenzetu yana thamani, lazima yalindwe. Lakini anasema shamba la matufaha ameliona moja tu, limeungua, na ndimo walimochimba shimo wanamoishi.

3. Viatu. Alivyopewa vinambana, na vidole vimeanza kuwa vyeusi. Alipomweleza mkubwa wake akajibiwa, "Kimbia, utapata joto." Akakimbia. Bahati mbaya na droni nayo ikakimbia, ikimfuata kama mwewe na kifaranga. Naomba uzungumze na upande wa pili, theluji ikianguka wazipumzishe droni zao.

4. Moto hawawashi, maana moshi huita mabomu. Hivyo hulala wamekumbatiana, yeye na Paschal wa Mitundu, ambaye naye ulimpeleka wewe. Asubuhi moja Antipasi alimsalimu, Paschal hakuitika. Akabaki amemkumbatia mpaka giza likaingia, kwa sababu kutikisika ni kuonekana. Hili sikujua niliweke kundi gani. Mama yake Paschal amekuwa akikupigia, nawe unamjibu kwamba theluji inasumbua mtandao. Nimemwambia mimi.

Siombi arudishwe, mkataba ni mkataba. Naomba soksi za sufu, viatu vinavyomtosha, na ruhusa ya kuota moto. Hayo yakishindikana, nenda wewe ukampokee zamu. Mwili unao, na mafuta ni blanketi.

Nisalimie mama watoto, wenzako wote wa ofisini, na hasa mwanao mkubwa. Nasikia naye anatafuta kazi.

Ni mimi ninayezidi kukuombea afya,
Severina, mama Antipasi.

N.B. Kabla sijaifunga barua, mkwe wangu Jenipher kaja mbio na simu, kuna video. Antipasi ametekwa. Anasema kavuliwa vile viatu, kafungwa vidonda, kapewa soksi, supu na blanketi, tena kalazwa kando ya jiko. Kwa hiyo futa maombi yangu yote. Adui ameyatekeleza bila kuandikiwa. Na ule mkataba niliouheshimu hapo juu, uchane. Namtaka mwanangu. Jumapili kanisani tutaombea ushindi kama ulivyotuagiza tulipokuuliza habari za bunduki, ila sijui tena wa upande gani.