Sabufa Chini ya Kiti cha Mama Mkwe

Bujumbura, Buyenzi, siku ya Jumatano

Kwa Fundi Shakuru, Mkuu wa Umeme wa Magari, avenue ya kumi na tatu

Kuhusu: sabufa uliyoificha vizuri kupita kiasi

Ndugu Fundi, asalam aleykum,

Kabla ya malalamiko, ujue kwamba unaandikiwa na mkwe mwenye bahati kuliko wakwe wote wa Buyenzi na wa ng'ambo ya ziwa. Mi nimefika Uvira, nimefika Kigoma, najua ninachosema. Miezi mitatu sasa nina sabufa ndani ya Carina yangu, na mke wangu Khadidja hajui, na mama yake, Bi Soumaya, hajui. Mutu wa kuwadanganya wale wawili kwa pamoja alikuwa hajazaliwa mpaka nilipozaliwa mimi.

Unakumbuka lile sanduku la spika la zamani lililojaza koferi yote ya mizigo nyuma. Lilifanya vikombe vya Khadidja vitembee kabatini, na yeye akatembea mpaka kwa mama yake, akakaa huko wiki saba. Nilimrudisha kwa kiapo mbele ya Bi Soumaya: apana kelele tena ndani ya gari. Ndipo nikaja kwako kwa adabu: toa sanduku, nitilie kadogo, ukafiche. Ukaficha. Sasa soma shida zangu.

1. Umeiweka chini ya kiti cha mbele, kama mutu asiye na wakwe. Mi nilidhani tumechagua mahali pa siri, kumbe tumechagua mahali pa heshima. Nani atamkalisha mama mkwe nyuma? Safari ya kwanza tu, tunaenda Kigobe kumwangalia mgonjwa, Bi Soumaya huyo, juu kabisa ya siri yangu. Spika za milango nilikuwa nimezizima, lakini kidude chako kilikuwa kinaendelea na rumba, ile ngurumo ya chini ambayo sikio halisikii, kiuno ndicho kinasikia.

2. Kiuno kilisikia. Bi Soumaya anaumwa mgongo tangu mwaka juzi. Kufika Kigobe akashuka bila kushika mlango, akaniangalia, akasema: "Mkwe wangu, kiti hiki kina baraka. Ni nini kinatetemeka?" Nikajibu kwa haraka ya mutu aliyesoma: "Ni injini, mama. Za Kijapani ndivyo zilivyo." Mi niliishia la sita, lakini nililisoma kwa nguvu.

3. Habari ikatembea. Kesho yake alikuja Mama Ingrid kutoka Nyakabiga, mgongo. Halafu rafiki zake wawili, magoti. Sasa kila siku baada ya alasiri kuna foleni mlangoni kwangu, majirani wanadhani nauza esansi ya magari. Wanaingia mmoja mmoja, wanafumba macho. Na kwa kuwa nilisema ni injini, lazima niwashe injini. Esansi niliyoipangia mstari siku mbili inaishia kwenye viuno vya watu, na gari halijasogea hata mita moja.

4. Wamekuwa wajuaji. Jana Mama Ingrid anapiga dashibodi: "We Twalibu, injini ya leo imelala. Tia ile ya juzi!" Nikatia ile ya juzi.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Jana hiyo hiyo esansi ikaisha, injini ikazimika, Bi Soumaya yumo kitini. Na kiti kikaendelea kutetemeka. Fundi, nilimwona Khadidja akitoka na mabegi, na wala hakuwa ametoka. Nikasema: "Mama, hiyo ni injini inamalizia kupumua." Akafumba macho: "Iache ipumue, mwanangu."

Ameamini! Lakini siku atakayoacha kuamini, Khadidja hatakaa huko wiki saba, atakaa moja kwa moja. Na nyumba isiyo na Khadidja, hata unifungie sabufa nne, haijai.

Kwa hiyo naomba kwa heshima. Jumamosi wote wanaenda arusini. Uje uitoe sabufa, lakini mtetemo uuache palepale. Ukishindwa, niandikie atestasyoni yenye muhuri wa garaji, kwamba injini ya Carina hii hutetemesha kiti kimoja tu, hata ikiwa imezimwa, hata ikiwa haimo ndani ya gari.

Usipige simu, anapokea Khadidja.

Nisalimie garaji nzima, na Massoudi wa rangi, na mkeo, na wateja wanaokusubiri tangu asubuhi, hata yule anayesema Carina yangu imezeeka, nimemsamehe.

Ni mimi, mkwe wa bahati,
Twalibu

N.B. Usije Jumamosi. Barua hii niliificha chini ya kiti kile kile, na Bi Soumaya ameisoma yote kwa sauti akiwa amekaa palepale, Mama Ingrid analia kwa kucheka. Khadidja ametia alama makosa tisa kwa biki nyekundu. Wanasema walijua tangu siku ile ya Kigobe: injini gani inafuata rumba? Bi Soumaya anasema kiapo kilikuwa cha kelele, na mgongo wake hausikii kelele. Khadidja hajagusa begi. Anauliza tu kama unaweza kufunga ya pili kwenye kiti cha nyuma, foleni ipungue. Njoo Jumapili.

Ile bahati ya pale juu ni uongo. Sijamdanganya mutu hata mmoja.