Utumbo Mpya wa Venanti

Jumatatu, 12 Juni 1978

Mimi ni mke wa mtu! Wiki ya tatu sasa, na bado kila asubuhi nashtuka kwa furaha. Venanti wangu amerudi jana kutoka semina ya waganga wasaidizi Kigoma mjini, vumbi mpaka kwenye kope, anapendeza kama sikukuu. Leo alipotoka kazini, zahanati ya hapa Kibondo, amenichorea utumbo kwa chaki juu ya meza. Utumbo! Waume wengine huwaletea wake zao kanga. Wangu ameniletea maarifa.

Anasema ndani ya utumbo kuna seli, chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho, na kila aina ina kazi yake. Nyingine hunyonya chakula na maji. Nyingine zina umbo la kikombe, hutoa ute wa kulainisha njia. Nyingine ni walinzi, wamejificha kwenye vishimo, wanawapiga vijidudu. Halafu akasema jambo lililonifanya niweke kisu chini: zile za kunyonya haziishi sana. Baada ya siku nne, tano hivi, zinapukutika, zinazaliwa mpya.

Nikambusu kwenye sikio. Mama mkwe akakohoa mlangoni.

Mama mkwe ndiye wasiwasi wangu. Mama Maximilla amekuja kutoka Kasulu kunipima. Kwao bibi harusi hana jiko mpaka mama wa bwana amsimikie mafiga yake matatu na kumwashia moto wa kwanza. Akiridhika hadi Jumapili, nasimikiwa. Asiporidhika, nafuatana naye Kasulu kufundishwa kupika hadi mvua za kwanza. Bila Venanti! Nitakufa. Nina cheti cha kidato cha nne na nitakufa.

Jumanne, 13 Juni

Mama mkwe kapika kisamvu kwa mawese, na ugali wa muhogo. Venanti alikuwa anakula amefumba macho. Akasema hakuna mwanamke anayemfikia mama yake. Mbele yangu! Mama mkwe akanitazama kwa huruma, ambayo ni mbaya kuliko dharau, akaniambia nisijali mwanangu, hata punda hufundishika.

Nililia kidogo nyuma ya choo. Hapo ndipo wazo liliponijia. Wazo kubwa! Utumbo wa Venanti unampenda mama yake kwa sababu umejengwa kwa kisamvu chake. Lakini seli zile zinakufa! Nikimlisha chakula changu tu, hadi Jumapili zitakuwa zimezaliwa nyingine zisizomjua mama mkwe kabisa. Zitafumbua macho na kuniona mimi. Venanti mwenyewe atasema mbele ya mama yake kwamba anataka cha mkewe Pelagia.

Jioni tunakula viazi vya kuchemsha. Hivyo si kitu. Kiazi hakina mama. Vita ni vya mchana.

Jumatano, 14 Juni

Ushindi! Mama mkwe hunipa kikapu cha chakula nimpelekee Venanti zahanati. Njiani kuna nyumba ya Mwanaamina, mke wa mwenye duka, watu wa asili ya pwani. Nilimweleza mpango wangu wote. Akacheka mpaka akashikilia kinu. Kisha akasema, shoga, seli mimi sizijui, ila kwamba bwana hushikwa tumboni, hilo bibi yangu alilijua bila chaki. Akaniachia jiko lake. Nikapika pilau.

Venanti kala yote. Nilimnong'oneza kwamba ni mkono wangu, ila asimwambie mama, ataumia moyo. Akanikonyeza. Nilirudi nyumbani nikiruka mitaro.

Kuhusu kisamvu cha mama mkwe. Kumwaga chakula ni dhambi. Nimekila mimi. Nimelamba bakuli. Mama mkwe alipoona bakuli linang'aa, akafurahi, akasema mwanawe hajabadilika.

Subiri, mama. Subiri!

Alhamisi, 15 Juni

Pilau tena. Leo cha mama mkwe kilichobaki mikononi mwangu kilikuwa maharage ya mawese. Mungu wangu, maharage yale! Nilikaa kwenye ngazi ya Mwanaamina nikala mpaka punje ya mwisho. Mwanaamina akauliza ni utumbo wa nani hasa unaobadilishwa hapa. Nikalamba kijiko. Atajua wapi? Hakusoma sekondari.

Kesho Ijumaa ana wageni baada ya swala, jiko halina nafasi. Kwa hiyo nimepika pilau ya kesho leo hii. Nimeifunika, nimeizungushia blanketi, nimeisukuma chini ya kitanda chetu ibaki na joto. Iatamiwe kama yai la kuku. Mimi kweli nina akili.

Ijumaa, 16 Juni

Pilau ilikuwa na kiharufu. Nikakamulia ndimu.

Venanti alirudi kabla ya saa ya kufunga zahanati, akapita mbele yangu bila kunisalimu, moja kwa moja chooni. Akatoka. Akarudi. Akatoka. Nakiri kwamba mwanzoni nilishangilia moyoni: seli za mama mkwe hizo zinaondoka! Kisha nikaona macho yake yameingia ndani na midomo imekauka. Furaha ikaniishia papo hapo.

Mawe, mama yangu wee! Nimemuua mume wangu wa wiki tatu!

Jumamosi, 17 Juni

Hajafa. Kwa sauti kama ya mbu akanielekeza. Anasema sumu ya chakula kilichochacha imezivuruga zile seli za kunyonya. Badala ya kuingiza maji mwilini, zinayaachia. Lakini hazijafunga mlango wote. Chumvi na sukari zikifika pamoja zinapokelewa, na maji hufuata nyuma yao. Moja bila mwenzake haifai. Nikamwambia ni kama mimi na yeye. Akaomba ndoo.

Maji ya kuchemsha, sukari kutoka kwa Mwanaamina, chumvi kidogo. Chumvi isizidi ya machozi, akasema. Nitapimaje? Lakini nilikuwa nalia tayari! Nikaonja chozi, nikaonja maji. Chozi, maji. Nikaongeza maji. Nikamnywesha kijiko kwa kijiko tangu asubuhi, mkono ukafa ganzi.

Mama mkwe alikaa upande wa pili na rozari yake. Mchana Venanti alipotulia, akamuuliza alikula nini jana. Venanti hajui kudanganya. Akasema pilau. Mama mkwe akauliza pilau ya nani. Macho ya Venanti yakanigeukia. Akauliza, na kisamvu changu je, na maharage yangu? Nikasema nimekula mimi, mama. Yote? Yote, mama.

Akainama, akanusa lile blanketi chini ya kitanda, akatoka nje. Nikasikia sauti, sijui kilio sijui kicheko. Nimefunga nguo zangu kwenye kanga. Kwaheri Kibondo.

Jumapili, 18 Juni

Venanti ameamka akidai chakula! Na mama mkwe amerudi kutoka misa akiwa na mawe matatu.

Matatu! Akayapanga uani mwenyewe, akayabonyeza kwa kisigino, akawasha moto. Akasema mke asiye na moto wake hupika kwa wizi, na chakula cha wizi huchachia chini ya kitanda. Afadhali nipike hadharani, pua za watu zinilinde. Akasema pia kwamba Kasulu angenifundisha kisamvu, lakini kukaa na mgonjwa nilivyokaa mimi hakufundishwi na mtu. Halafu, kwa sauti ya chini, kwamba hajawahi kupata mkwe anayelamba bakuli lake. Nikalia. Venanti akasema nipunguze, maji yote ya nyumba yanaishia machoni mwangu.

Tumemsindikiza kwenye lori la Kasulu. Nikarudi mbio kupika maharage yangu ya kwanza, kwenye mafiga yangu! Venanti akala taratibu. Akasema ni mazuri. Si kama ya mama, ila mazuri.

Basi nikamweleza nadharia yangu yote. Akacheka ameshika tumbo, akasema seli za utumbo hazijui pilau wala kisamvu, wala hazimpendi mtu. Ladha haiko huko. Ladha iko kwenye ulimi, kwenye vipele vidogo vyenye seli zake zenyewe.

Nikamuuliza, kama mtu anayefikiria mambo mengine, hizo nazo huishi muda gani.

Siku kumi hivi, akasema, akalala.

Siku kumi tu! Kesho naanza.