Betri kwenye Karai la Njugu

Jamani, leo nimekaanga betri. Sifanyi mzaha. Nimeikaanga kwenye karai la Mama la njugu, ndani ya mchanga wa moto.

Binamu yangu Salim, wa Ganjoni, anasafiri jioni hii kwenda Maskati, aliko baba yangu. Asubuhi alituachia kamera yake ya video. "Athmani, itie chaji. Nikirudi alasiri wewe na mamako mtamsalimia mzee, nimpelekee kanda."

Baba hajaniona tangu sauti yangu haijawa nzito. Nilimtungia kichekesho. Nimekifanyia mazoezi mbele ya kioo wiki nzima (kioo hakikucheka).

Tatizo ni mgao wa stima. Adhuhuri inakatwa, na betri ile inajaa kwa mwendo wa bi harusi.

Nikamkumbuka mwalimu wa fizikia. Alisema wataalamu wanataka kutia silikoni ndani ya betri, ibebe chaji nyingi na ijae upesi. Silikoni yenyewe hutoka mchangani! Akaendelea na habari za kuvimba na kupasuka, lakini mimi nilikuwa namchora pua, nikadhani anaisema hiyo pua.

Mchanga si huu hapa, Mama anaokaangia njugu? Nikaifukia betri, waya wa chaja nje, nikawasha jiko kidogo ili silikoni iingie (kidogo, wallahi). Stima ilipokatwa nikafukua. Imevimba kama mahamri!

Salim akaingia kabla ya saa yake. Akanikuta naisukumiza kwenye kamera kwa kiganja.

"We Athmani! Ina nini hiyo?"

"Imejaa, kaka. Imejaa sana."

Ikaanza kufuka moshi. Nikapiga yowe (ile sauti ya kitoto, kumbe bado ninayo!), nikaikamata kwa kitambaa, nikatoka nayo mbio. Mlangoni nikakanyaga kanzu ya Baba, niliyoivaa kwa ajili ya kanda. Bado inaburura chini. Betri ikaangukia mtaroni, mimi nikaangukia miguuni pa wazee wa barazani. Walicheka hadi kahawa ikawatoka puani.

Salim akafunga kamera yake. "Safari nyingine, inshallah." Akaenda zake.

Nikakaa ngazini peke yangu, kichekesho changu chote kikiwa bado mdomoni. Mama akaja na karai lake, akanusa mchanga, akaketi kando yangu.

"Babako aliniunguzia pasi wakati wa fungate, kwa ujanja kama huu wako," akasema. "Leo nimeona hajaondoka kabisa."